Maswali ya Wasomaji: Yoga Chini ya Mwembe

*Mwalimu wa mazoezi, nakusalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, eneo la Pasua, na mwezi ujao natimiza miaka 53. Kiuno kinaniuma kwa zaidi ya mwaka sasa. Hospitalini nilipigwa picha, nikaambiwa kwamba mifupa iko salama na kwamba nifanye mazoezi ya kunyoosha viungo. Binti yangu amenifundisha mikao michache ya yoga, nami huifanya sebuleni katikati ya makochi. Sasa anasisitiza nitoke uani, penye mwembe na nyasi, akisema huko faida ni kubwa zaidi. Je, ni kweli, au ni mambo ya watalii tu? Nami naona haya, kwa kuwa uzio wetu ni wa masale machache na wapita njia wanaona kila kitu.*

Mama, shikamoo. Binti yako amesema kweli, ila ni vyema ujue ukweli huo unaanzia wapi na unaishia wapi. Kinachosaidia kiuno ni yoga yenyewe, iwe ya sebuleni au ya uani. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa tiba zisizo za dawa zinazofaa kujaribiwa kwanza kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Mwembe hautibu kiuno. Kazi ya mwembe, pamoja na asubuhi iliyouzunguka, ni nyingine, na kwa mtu anayeshinda ameinamia cherehani si kazi ndogo hata kidogo.

Chukua macho yako kwanza. Kutwa nzima unayakaza kwenye sindano iliyo karibu na uso, na msuli mdogo ulio ndani ya jicho, ule unaolisaidia kuona vitu vya karibu, hukaa umejikaza muda wote huo. Unapotazama mbali ndipo unapolegea. Sebuleni, mbali ni ukuta wa pili. Uani kwako, asubuhi isiyo na ukungu, mbali ni Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, takriban kilomita 30 kutoka mjini, na sisi tunaoishi chini ya mlima tunajua kwamba ni heri uutazame mapema, maana mawingu yakishapanda hakuna anayejua utaonekana tena saa ngapi. Basi unapokaa kuanza kupumua taratibu, kaa ukielekea kaskazini, uyaache macho yapumzike huko.

Lakini usiutazame mlima unapofanya mkao wa mti, ule wa kusimama kwa mguu mmoja. Mwili hujisawazisha kwa msaada wa macho, na kitu cha karibu kisichotikisika humsaidia mtu kusimama imara kuliko kitu cha mbali. Chagua kovu moja kwenye gome la mwembe, hatua tatu au nne mbele yako, ulikazie macho. Usichague jani wala wingu: vyote viwili hutembea, na mwili utavifuata mpaka uyumbe. Ukiwa peku juu ya nyasi utagundua jambo ambalo sakafu ya vigae haikufundishi, yaani vidole vya mguu vinavyojikunja kushika ardhi, kifundo kinachocheza huku na huku kwa sababu udongo hauko sawa, na misuli midogo ya nyayo na ya nyonga inayoamka kuitikia. Mtu wa umri wako na wangu anauhitaji sana uwezo huo wa kujizuia asianguke. Siku za mwanzo weka mkono mmoja kwenye shina.

Kisha kuna mwanga. Hata chini ya kivuli, mwanga wa nje wa asubuhi una nguvu mara nyingi kuliko ule wa sebule yenye taa na pazia, na ndio unaoiambia saa iliyo ndani ya mwili kwamba mchana umeanza, ili usiku nao usingizi uje kwa wakati wake. Kwetu Moshi jua huchomoza baada kidogo ya saa 12:00 asubuhi, na katika miezi kama Februari na Julai husogea hadi karibu na saa 12:40; nusu saa baada ya hapo ni wakati mzuri. Wasomaji wengi huniambia kwamba jua hilo la mapema linawapa vitamini D. Kwa kweli jua lililo chini angani hutoa kidogo sana ya mionzi inayotengeneza vitamini hiyo, kwa hiyo tusilipe sifa isiyo yake.

Kuhusu utulivu wa moyo, upo ushahidi wa siku nyingi kwamba kuwa karibu na miti si jambo la watalii. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kwamba katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kifuko cha nyongo na kulazwa penye dirisha linalotazama miti walitoka mapema kidogo, tena wakihitaji dawa kali za maumivu chache zaidi, kuliko wenzao waliotazamana na ukuta wa matofali. Hao walikuwa kitandani tu. Wewe utakuwa chini ya mti wenyewe.

Haya yako, mama, ninaielewa. Vaa suruali pana, jifunge kanga, geuza mkeka ili mwembe uwe kati yako na njia. Wapita njia watatazama wiki moja, na wiki ya pili watakuamkia na kwenda zao. Kabla ya kutandika, kagua nyasi, hasa baada ya mvua, kwa sababu siafu hawabishi hodi. Na chini ya mkeka tanguliza turubai kuzuia umande. Ukihisi ganzi mguuni, au maumivu yakishuka chini ya goti, simamisha mazoezi urudi kwa daktari.

*Mimi ni kijana wa Njiro, Arusha, nina pumu. Nikifanya yoga nje mwezi wa saba kifua kinabana. Niache?*

Ndugu yangu, usiache yoga, acha ile saa. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti asubuhi zake ni za baridi kweli. Hewa baridi na kavu inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu. Subiri jua lipande, pumua kwa pua ili hewa ipate joto kabla ya kufika kifuani, na uwe na dawa yako ya kuvuta mfukoni, wala si chumbani. Ule mkao wa mwisho wa kulala chali ndio huwaponza wengi, kwa kuwa mwili uliotoka jasho hupoa upesi ukitulia: jifunike shuka la Kimasai tangu shingoni hadi miguuni. Siku ya manyunyu na ukungu mzito, fanyia ndani bila kujilaumu.

*Je, yoga ya bustanini mara mbili kwa wiki inanitosha kama mazoezi? Msomaji, Sakina.*

Haitoshi ikiwa ni ya taratibu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi yanayoongeza mapigo ya moyo, na yoga ya kunyoosha viungo mara nyingi haifiki hapo. Nenda bustanini kwa miguu, kwa mwendo wa haraka, urudi vivyo hivyo, na siku nyingine za wiki utembee hata kama hukubeba mkeka.