Anaumwa kweli, hata kama vipimo ni safi

Swali lenu la wiki hii linasema: "Kijana wako anaumwa tumbo na kusikia kichefuchefu kila asubuhi ya shule. Hospitali wamempima, hawakuona kitu. Anadeka au anaumwa, na mzazi afanye nini?" Mimi ni matroni wa shule ya bweni ya wasichana hapa Tanzania, na kabla ya hapo nilikuwa muuguzi. Jibu langu ni kwamba anaumwa. Na pamoja na kuumwa kwake, asirudishwe nyumbani. Najua hayo mawili yanaonekana kugongana, kwa hiyo naomba nafasi niyaeleze.

Kuna binti mmoja wa kidato cha pili ambaye kila siku yenye kipindi cha Hisabati aliamka amekunja magoti hadi kifuani, mkono umebana chini ya chembe cha moyo, mate yamemjaa mdomoni, ndoo iko pembeni ya kitanda. Uji hata harufu yake hakuitaka. Ikifika saa nne, kipindi kimepita, anakuja jikoni kuomba chai na andazi, na anamaliza lote. Walimu wakaniambia, "Unaona, matroni? Huyu mjanja tu." Mimi niliona kinyume chake. Ujanja hautoi jasho la baridi viganjani, wala haumtapishi mtoto. Tumbo lilitulia saa nne kwa sababu hofu ilikuwa imeshapita.

Mwili unavyofanya kazi, hakuna cha ajabu hapo. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unaenda mbio, damu inapelekwa kwa wingi kwenye misuli, na kazi ya kusaga chakula inasubirishwa. Tumbo linachelewa kutoa kilichomo, ndiyo maana mtoto anasikia kichefuchefu na kujiona ameshiba wakati hajala. Utumbo mpana wenyewe unaharakisha, ndiyo maana anakimbilia choo. Isitoshe, utumbo una mamilioni ya chembe za neva, na umeunganishwa na ubongo kwa neva ndefu iitwayo vagasi, ambayo hupeleka taarifa juu na chini. Tumbo likianza kusokota, ubongo unapata habari kwamba mambo si salama, hofu inapanda, na tumbo linazidi. Baada ya wiki kadhaa mtoto haogopi tena mtihani peke yake. Analiogopa tumbo lenyewe: je, nikitapika mbele ya darasa? Je, mwalimu akininyima ruhusa ya kwenda chooni? Kwa wengi niliowahudumia, hofu hiyo ya pili ndiyo iliyowatesa zaidi.

Sasa vipimo. Mpeleke hospitali, tena usicheleweshe, kama anapungua uzito, anapata homa, anatapika damu au matapishi ya kijani, choo kina damu au ni cheusi kama lami, maumivu yanamwamsha usiku, au yamehamia upande wa kulia chini ya tumbo na yanazidi kila saa. Hicho kinaweza kuwa kidole tumbo, na kidole tumbo hakisubiri wikiendi. Kwa msichana, uliza pia habari za hedhi, kwa upole na faragha.

Lakini mkishampima vizuri na daktari akasema hakuna tatizo, yaaminini majibu. Kinachoniumiza ni watoto wanaozungushwa zahanati hadi zahanati mpaka mmoja apate cha kuandika. Leo taifodi, mwezi ujao UTI, baadaye vidonda vya tumbo. Kipimo cha Widal, ambacho zahanati nyingi hukitegemea kwa taifodi, kinaweza kuonyesha chanya kwa mtu asiye na taifodi wakati huo, kwa sababu tu aliwahi kukutana na vimelea vyake au vinavyofanana navyo. Mtoto anamezeshwa antibiotiki asizozihitaji, na baadhi ya hizo zenyewe zinaleta kichefuchefu na kuharisha. Wapo wanaonunuliwa diklofenaki dukani ili tumbo litulie, dawa ambayo inaweza kulichubua tumbo. Na kila dozi inamfundisha kwamba ana ugonjwa ambao watu wazima wameshindwa kuupata. Hapo hofu itapunguaje?

Nirudi kwenye suala la nyumbani. Ukimwondoa shuleni kila anaposhikwa, atapata nafuu siku hiyohiyo, hilo halina ubishi. Ila ubongo wake umejifunza kwamba alipona kwa sababu alikimbia, na kesho utadai akimbie tena. Yule binti tulikubaliana hivi: akizidiwa, anakuja chumbani kwangu, anakaa kwa muda mfupi, anapumua, anarudi darasani siku hiyohiyo hata kama kipindi kimebaki nusu. Mwalimu wa Hisabati alikubali amkalishe karibu na mlango na atoke bila kunyoosha mkono. Alipojua anaweza kutoka, hakutoka mara nyingi. Haikuwa safari iliyonyooka. Kuna wiki alianza upya kabisa, hasa karibu na mtihani wa upimaji. Lakini alibaki darasani.

Kupumua ninakokusema ni huku: mkono mmoja juu ya kitovu, unavuta hewa taratibu kwa pua ukihesabu hadi nne mpaka mkono uinuke, kisha unaitoa ukihesabu hadi sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu pumzi inapotoka taratibu ndipo vagasi inapoupunguzia moyo mbio. Afanye hivyo kila usiku akiwa mtulivu kitandani, ili asubuhi ya mtihani mwili uwe umeshazoea. Anayeanza kujifunza akiwa tayari ameinamia ndoo ataona ni upuuzi na ataacha.

Na asiende na tumbo tupu. Tumbo tupu lenye hofu linatapika haraka zaidi. Nusu kipande cha mkate mkavu, ndizi, au uji mwepesi wa kunywa kidogokidogo, vinatosha. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi. Kahawa kali na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo wanafunzi huvificha ili wakeshe wakisoma, hivyo viondoeni kabisa. Vinakimbiza moyo na kuchafua tumbo hata la mtu asiye na wasiwasi.

Hata hivyo, pumzi na mkate havitoshi kama chanzo kiko palepale. Mtoto anayejua atachapwa akikosa hesabu ana sababu ya kuogopa. Kanuni za serikali zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, lakini sote tunajua madarasa ambako kila kosa lina fimbo yake. Nimeona watoto wakitapika asubuhi ambazo majina ya wasiomaliza ada husomwa mstarini. Nimeona wanaonyanyaswa na wenzao bwenini. Na lipo lile ambalo hatupendi kulitaja, la mtu mzima anayemgusa mtoto. Walimu wenzangu, tumbo la mtoto likiuma siku fulani tu, au kila anapokuwepo mtu fulani, fuatilieni siku hiyo na mtu huyo.

Usimuulize mbele ya watu "unaogopa nini?" Atasema "hakuna." Muulize mkiwa mnafanya kazi nyingine, mnachambua mchele au mnatembea, asipolazimika kukutazama usoni. Mimi yaliyo mengi nimeyasikia njiani kwenda zahanati. Sina ugomvi na maombi wala dua, nami huomba pamoja nao. Ninachokataa ni mtoto kuambiwa ana mapepo, kwa sababu anabeba aibu juu ya maumivu.

Kama mambo haya hayajasaidia, amekosa shule kwa wiki kadhaa, au hali chakula vizuri, anahitaji msaada wa kitaalamu. Anzeni na mwalimu wa ushauri nasaha, kisha hospitali ya mkoa, muulizie huduma ya afya ya akili. Yapo matibabu ya mazungumzo yanayomfundisha kijana kuikabili hofu hatua kwa hatua, na yanawasaidia wengi wenye maumivu ya tumbo ya aina hii. Akitamka kwamba hataki kuishi, msingoje miadi. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Na wewe kijana unayesoma hapa, huenda gazeti hili umelikuta kwa mama: hujachanganyikiwa, na huigizi. Chagua mtu mzima mmoja unayemwamini, umwambie tumbo linaanza lini na unawaza nini muda huo. Akikupuuza, mwambie mwingine. Ukikosa wa kumwambia, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, Tanzania na Kenya pia.