Waridi za Heliogabalus: wageni walifukiwa kweli?

Hapana, kisa cha Kaisari Heliogabalus kuwafukia wageni wake kwa maua mpaka wakafa hakina ushahidi wa kuaminika. Mchoraji Lawrence Alma-Tadema, aliyechora picha ya kisa hicho, "Waridi za Heliogabalus", mwaka 1888, alikitoa kwenye Historia Augusta, mkusanyo wa maisha ya makaisari wa Roma uliojaa uzushi. Tena hata humo maua yanayotajwa ni vayoleti na mengineyo, si waridi. Waridi ni uamuzi wa mchoraji, na aliufanyia kazi kwelikweli: majira ya baridi aliletewa London maua mabichi kutoka kusini mwa Ufaransa ili ayachore akiyaona. Kwenye marumaru na majengo unaweza kumwamini zaidi, maana magofu ya Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, aliyachunguza mwenyewe tangu 1863.