Uliza Fundi: Pikapu ya marehemu baba

SWALI: Shikamoo fundi. Baba alifariki mwaka juzi akatuachia Land Rover 109 pikapu, Series III ya dizeli. Ilibeba kahawa, mbao, wagonjwa, na mimi mwenyewe ilinipeleka sekondari na sanduku langu. Imelala chini ya mparachichi miaka tisa. Bodi bado ni nzuri, lakini chesisi ya nyuma ukiigonga inamwaga kutu. Tangu nione tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, sina raha. Fundi wa huku ananishauri nikalishe bodi juu ya chesisi ya Hilux pamoja na injini yake, wiki tatu kazi iwe imekwisha. Nikubali? — Msomaji, Rombo

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Usikubali. Kwanza chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari asubuhi kweupe, ugonge kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinajibu kwa sauti nzito, kama debe lenye unga. Chesisi ya 109 ina mbavu mbili ndefu, na kila ubavu ni mabamba manne yaliyochomelewa pembeni yakawa boksi. Tope na maji vinaingia ndani, vinakaa humo, vinakula kutoka ndani kuja nje. Ukiona tundu dogo, jua nyuma yake pameoza eneo kubwa zaidi. Gonga kwa makini boriti ya nyuma kabisa, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na mahali springi zinapofungwa.

Bodi imepona kwa sababu ni aluminiamu. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgao, ndiyo maana wakatumia aluminiamu. Lakini ule ukuta wa mbele unaobeba dashibodi na bawaba za milango ni chuma. Inua mazulia utazame sehemu ya kuwekea miguu, usije ukashughulika na chesisi nzuri halafu milango ikakosa pa kushika.

Sasa Hilux. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, gari lako lina inchi 109, yaani milimita 2,769, ndilo jina lake hilo. Matao ya magurudumu kwenye bodi yako yanangoja magurudumu mahali hapo tu. Hilux zina vipimo tofauti kwa kila toleo, na katika zote nilizopima sijakuta hata moja inayolingana. Fundi atakachofanya ni kukata chesisi katikati na kuiunga. Ule mshono ndio utakaobeba gunia zako za kahawa kwenye makorongo ya Rombo. Nimeziona chesisi za namna hiyo zikirudi gereji zimepasuka pembeni mwa mshono, na sitamshauri mtoto wa mtu aendeshe gari hilo.

Kama kilichooza ni mkia tu, kata hadi ufike kwenye chuma kizima, uchomelee kipande kipya cha unene uleule. Kama mbavu zote zimeliwa, viwanda vya Uingereza bado vinatengeneza chesisi mpya ya 109 iliyochovywa kwenye zinki. Ni ghali, na usafirishaji ni ghali, lakini bolti zako zote zinaingia kwenye matundu yake. Wengine wanachukua chesisi ya Land Rover 110, ndugu yake mdogo, yenye springi za koili. Inapendeza kuendesha, ila ekseli zake ni pana na magurudumu yatatokeza nje ya bodi, ndiyo sababu 110 zina zile nyusi za plastiki juu ya tairi. Tena tofauti ya inchi moja unaiona ndogo hadi siku unapolikalisha boksi la nyuma. Kwa gari la kazi mimi ningebaki na springi za majani.

Kabla hujanyanyua bodi, pima chesisi pembe kwa pembe, kulia mbele hadi kushoto nyuma, kisha kinyume chake. Andika vipimo ukutani kwa chaki, upime tena baada ya kila siku ya kuchomelea, kwa sababu moto unavuta chuma. Na mahali aluminiamu inapokutana na chuma weka rangi na kipande cha mpira, la sivyo aluminiamu italiwa na kuota unga mweupe.

Namba ya chesisi imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na mguu wa springi. Isiguswe na grainda. Ukiamua kubadili chesisi au injini, nenda TRA na kadi ya gari kabla ya kukata chochote.

SWALI: Fundi, 109 yangu ina injini yake ya 2.25 ya dizeli na imechoka. Nimepata injini ya dizeli ya Land Cruiser, 1HZ, kwa bei nzuri. Niipachike? — Mkulima, Karatu

JIBU: 1HZ ni injini ninayoiheshimu: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Lakini ni ndefu na nzito, na giaboksi ya Series haikutengenezwa kwa ajili yake. Utalazimika kuleta na giaboksi yake, kisha propela mpya, kisha springi ngumu za mbele, kisha kusogeza rejeta. Fedha uliyookoa kwenye bei itakwisha hapo.

Tafuta 200Tdi, dizeli ya Land Rover yenyewe, ya lita 2.5 yenye turbo. Inatoa zaidi ya farasi 100, wakati yako ilipokuwa mpya ilikuwa na kama 60, na inafunga kwenye nyumba ya klachi ya Series kwa marekebisho madogo. Omba iliyotoka kwenye Defender. Ile ya Discovery turbo yake imekaa chini na itagonga ubavu wa chesisi.

Halafu difu. Yako ni 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, na injini mpya italia sana barabarani. Ukiweka 3.54, mizunguko inapungua kwa karibu robo. Lazima mbele na nyuma zilingane, la sivyo ukifunga foo-wili kwenye lami mitambo itabanana hadi kitu kivunjike. Na mshale wa mwendo utakudanganya: ukisoma 60, wewe uko karibu na 80.

Hilo la mwendo ndilo linalonifikisha kwenye breki, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine pote. Miaka mingi iliyopita nilimfungia mteja injini yenye nguvu, nikaacha ngoma za breki kama zilivyokuwa kwa sababu zilikuwa zinashika. Tukaenda kulijaribu, tukiwa na mzigo wa mahindi, tukashuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu. Katikati ya mteremko pedali ilianza kuzama na harufu ya breki ikajaa kabini. Tulisimama kwa gia na kwa kuegemea ukingo wa mlima. Mwenye gari alikaa chini barabarani akanyamaza kwa muda mrefu, nami sikuwa na la kumwambia. Tangu siku hiyo gari haliwashwi injini mpya gerejini kwangu kabla silinda za magurudumu, mipira na busta ya breki havijawa vipya. Wewe unashuka mteremko huohuo.

SWALI: Mlangoni kuna jina la babu na S.L.P. yake, yameandikwa kwa mkono. Fundi rangi anataka kukwangua yote ndipo apige upya. — Mjukuu, Mbulu

JIBU: Mwambie auache mlango huo. Uoshe kwa maji na sabuni laini, ukaushe, jaribu vanishi isiyo na rangi kwenye kona ya chini uone kama maandishi hayayeyuki, ungoje siku mbili, ndipo upake mlango mzima. Kwingine akwangue, lakini aanze na praima ya aluminiamu. Ya chuma itabanduka kama ganda la kitunguu.