Umekulia Mchangani, Sasa Unataka Kuutangaza Mpira

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu waliokua wakicheza chandimu mtaani, na sasa wanataka mpira uwape kazi ya sauti, picha au video. Tumechukua matano.

Shikamooni. Niko kidato cha nne. Tangu utotoni nazima sauti ya televisheni na kutangaza mechi mwenyewe. Nifanyeje niwe mtangazaji wa redio? (Tanga)

Marahaba. Endelea hivyo hivyo, ila sasa jirekodi. Tangaza dakika 15 kwa simu, kisha sikiliza ukiwa umefumba macho na ujiulize: mpira uko wapi, nani anao, matokeo ni ngapi? Ukikaa nusu dakika hujui mpira ulipo, basi na msikilizaji amepotea.

BBC ilipotangaza redioni mechi yake ya kwanza ya kandanda, Arsenal na Sheffield United, Januari 22, 1927, jarida lake lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba yenye namba, ili watu nyumbani waufuate mpira. Leo kazi ya mchoro huo ni ya mdomo wako. "Anapiga krosi" haitoshi. Sema: "Yuko winga ya kushoto, hatua kumi kutoka kibendera cha kona, beki yuko mbele yake, anapiga krosi."

Matokeo nayo husahaulika sana. Red Barber, mtangazaji wa besiboli wa Marekani, aliweka mezani kipima muda cha mchanga cha dakika 3. Mchanga ukiisha anataja matokeo, anakigeuza. Wewe tumia mtetemo wa simu.

Andaa karatasi moja ya A4: wachezaji wapangwe kama watakavyosimama uwanjani, namba kubwa, jina, na chini yake jambo moja tu la kusema. Ukiandika matano hutayasoma, mpira haukusubiri. Matamshi ya majina muulize meneja wa timu kabla ya mechi.

Kinachowaangusha wengi wanaoanza ni kupaza sauti mapema. Ukimaliza koo dakika ya 5 kwa shuti lililotoka nje, goli la dakika ya 88 utalitangaza kwa sauti gani? Anza kwa sauti ya mazungumzo, ipande mpira unapokaribia boksi. Na kabla ya kutamka goli, mtupie jicho mshika kibendera.

Picha zangu za ndondo (mechi za mtaani) zinatoka na ukungu, hasa jioni. Ni kamera mbovu? (Temeke, Dar es Salaam)

Mara nyingi kamera haina kosa. Ikuze picha uitazame vizuri. Kama uso wa mchezaji unaonekana lakini mguu na mpira vimeacha mkia, shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ilikuwa ya polepole: nenda 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Kama mchezaji mzima amefifia huku mashabiki nyuma yake wanaonekana hadi vifungo vya shati, fokasi (pale kamera inapopafanya paonekane wazi) ilishika nyuma. Weka fokasi ya kufuata (AF-C, au AI Servo kwa Canon), tumia pointi chache za fokasi za katikati ya kioo, na uzishikilie kifuani kwa mchezaji.

Tatizo la jioni ni mwanga. Namba ya f huonyesha lenzi inafunguka kiasi gani, na ikiwa ndogo mwanga unaingia zaidi. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ile ya f/5.6, ndiyo maana bei yake inauma. Mechi ikianza saa kumi na nusu, dakika 20 za mwisho mwenye f/5.6 hana budi kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200 au 6400. Usiogope chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa. Picha yenye chembechembe mhariri ataitumia, iliyotikisika ataifuta.

Piga goti nyuma ya mstari wa goli, kati ya lango na kibendera cha kona, jua likiwa mgongoni. Hapo wachezaji wanakuja uso kwa uso nawe, na ukiwa chini hata kijana wa miaka 15 anaonekana jitu.

Mimi nina simu tu. (Kisumu)

Basi usiufukuze mpira, na usivute picha kwa vidole, inapasuka. Sogelea vilivyo karibu: kipa akifunga glavu, kocha akifoka, wa akiba wakiruka goli linapoingia. Bonyeza kioo na ushikilie ili fokasi na mwanga visibadilike.

Niliweka klipu za magoli YouTube, nikapata onyo la hakimiliki. Zilikuwa sekunde 10 tu! (Mwanza)

Hakuna sheria ya sekunde 10. Video ya mechi iliyorushwa kwenye televisheni ni mali ya mwenye haki za kuionyesha. Onyo moja hudumu siku 90, na matatu ndani ya muda huo yanaweza kufunga chaneli yako. Chora goli lilivyopatikana kwenye ubao, lieleze kwa sauti yako, tumia picha ulizopiga mwenyewe. Hapo ndipo watu watakujua wewe, si klipu.

AFCON 2027 imepangwa kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Nitaingiaje uwanjani na kamera? (Mombasa)

Kwa ithibati, yaani kibali rasmi cha waandishi, nayo hutolewa kwa anayefanyia kazi chombo cha habari. Anza sasa: peleka picha za ligi ya wilaya kwa gazeti au redio yenye tovuti, jina lako litoke chini yake. Kila picha iende na maelezo kamili: jina la mchezaji, namba ya jezi, timu zote mbili, dakika, uwanja, tarehe. Kabla ya mechi piga picha karatasi ya vikosi, usije ukahangaika na namba usiku. Na jezi ya timu yako iache nyumbani. Kwenye eneo la waandishi hakuna kushangilia, hata kama ni Simba na Yanga.