Singeli haimsumbui, wimbo wa taratibu unamliza: namjibu mleta mada

Mleta mada, umesema mdogo wako wa miaka 9 anaziba masikio na kulia ukipigwa wimbo wa mapenzi wa taratibu, wakati singeli ya kwa jirani anaicheza hadi jasho linamtoka. Umesema pia kwamba nyumbani wameanza kunong'ona habari za mashetani, na harusi ya dada yenu inakaribia. Mimi ni mwanamke mtu mzima, nashona nguo hapa Chikongola, Mtwara, na masikio yangu yako hivyo tangu utoto. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu mimi wakati ule sikupata wa kunieleza.

Wengi wanadhani kinachoumiza ni ukubwa wa sauti. Unachangia, ndiyo, lakini kwangu shida kubwa ni mabadiliko. Singeli ikianza imeanza. Mdundo unakwenda mbio, ila unakwenda vilevile hadi mwisho, na mwili ukishauzoea unatulia. Cherehani yangu inalia kutwa na hainisumbui. Hata ngoma za unyago nalala nazo, kwa kuwa zinapigwa uwanjani, hakuna ukuta wa kuirudisha sauti. Wimbo wa taratibu umetungwa makusudi ubadilike. Unaanza chini, kinanda na mwimbaji tu, unakuvuta utege sikio. Kisha zinaingia fidla, kisha ngoma, kisha waitikiaji, na yule aliyekuwa akinong'ona sasa anaita kwa pumzi zake zote. Mwenye masikio ya kawaida anapandishwa polepole na anafurahia safari. Mimi nilishatega masikio yote kuusikia ule mnong'ono, na ukelele unanikuta nikiwa wazi.

Chukua wimbo unaopigwa sana kwenye kumbi za harusi, "I Will Always Love You" alioutunga Dolly Parton, kama alivyouimba Whitney Houston mwaka 1992. Mwanzo ni sauti yake tupu, bila chombo. Karibu na mwisho muziki unakatika, panakuwa kimya, ngoma inapigwa pigo moja zito, na kiitikio kinarudi juu zaidi ya pale kilipokuwa. Ukumbi mzima unasisimka hapo, na ninawaelewa. Mimi kinachonitesa ni kile kimya. Nakijua kinakuja, mabega yananipanda, meno yanabana, na pigo lenyewe likitua nalisikia kifuani na nyuma ya macho. Ipo sababu ya kimwili pia. Ndani ya sikio kuna msuli mdogo mno unaokaza sauti kubwa ikiingia, ili kuipunguza nguvu. Lakini unachelewa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo pigo la ghafla linapita kabla mlango haujafungwa.

Halafu kuna ukali. Sikio la binadamu linashika zaidi sauti za kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000, na mwimbaji akipandisha kwa nguvu, sehemu kubwa ya makali yake inaangukia humohumo. Yapaze makali hayo kwa spika mbovu, ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari na sakafu ya saruji, sauti inagonga na kurudi mpaka maneno yanapandana. Watu wanadhani mtoto anakataa wimbo, kumbe anakataa chumba.

Na pumzi! Hili silisikii likisemwa na wengi. Nyimbo hizi huimbwa mdomo ukiwa karibu kabisa na maikrofoni, kisha fundi wa studio anazipandisha sehemu za chini ili zisikike sawa na za juu. Ndiyo maana unasikia midomo ikiachana, mate, hewa inavyovutwa kabla ya kila mstari. Kwa wapenzi ni utamu. Kwangu, hasa kwenye spika za masikioni, ni mtu nisiyemjua amenisogelea mno. Wapo wanaochukia sauti za mdomo hata za mtu anayetafuna, hali hiyo inaitwa misofonia. Muulize mdogo wako ni sehemu ipi hasa inayomuumiza. Mpe nafasi aoneshe kwa kidole wimbo ukiwa chini, usimwekee maneno.

Nakusihi msiuondoe muziki huo nyumbani. Wimbo uleule unaoniumiza ukumbini, nikiusikiliza usiku kwenye simu, sauti chini, naupata kwa namna ambayo nadhani wengi hawaipati: noti moja ndefu inanipita mgongoni, nywele zinasimama, machozi yanatoka hata kama Kiingereza chenyewe sikifuati. Huenda mtoto analia kwa maumivu na kwa utamu kwa pamoja, na kwa umri wake hawezi kuvitenganisha.

Kuhusu mashetani. Bibi yangu alinifukizia ubani, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Mtoto ambaye sauti zinamzidi, mara nyingi harufu nazo zinamzidi, na moshi ule uliniongezea kichefuchefu nikaonekana ndiyo kwanza nimepandwa. Wazee waelezwe kwa heshima, lakini waelezwe. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, umeweka hisia kali za sauti, mwanga au mguso miongoni mwa dalili za usonji (autism), hali inayomfanya mtu ahisi na kuelewa mambo tofauti na wengi. Hiyo haimaanishi kila mwenye masikio haya ana usonji. Mpelekeni kwanza aangaliwe masikio, hospitali ya Ligula au ile ya Kanda pale Mitengo, hasa kama hali ilianza ghafla au anasikia mlio ndani ya sikio.

Vizibo vya sponji vinasaidia, ila avae kwenye kelele tu. Akishinda navyo kutwa, masikio yanazoea ukimya na sauti za kawaida zitaanza kumuuma. Kwenye basi la Dar mwombeni konda siti isiyo chini ya spika, safari ile ni zaidi ya kilomita 500.

Sasa harusi. Ongeeni na DJ mapema, awape orodha ya nyimbo za kuingilia maharusi, na mtoto azisikie nyumbani siku kadhaa kabla, taratibu, mpaka ajue kila ngoma inaingia wapi. Ukumbini akae nyuma, karibu na mlango, mbali na spika. Penye uwazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hushuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Akae na mtu mmoja anayemwamini, ambaye kazi yake ni kumgusa mkono pigo likikaribia na kutoka naye nje akitaka, bila shangazi yeyote kumrudisha ndani kwa ajili ya picha.