Kabla ya kuamini ramani ya udongo, shuka mteremko

Shamba langu liko Kwimba, mkoani Mwanza, ekari saba, jembamba na refu. Linaanzia chini ya mawe ya kilima na kuishia karibu na mbuga, bonde la udongo mweusi. Kabla ya kulinunua niliangalia ramani ya udongo kwenye simu, nikakuta rangi moja kutoka juu hadi chini: kichanga. Nikapanda mahindi kote, mbegu moja, mbolea moja. Juu nilivuna vizuri. Kule chini, kwenye ekari mbili hivi, maji yalituama, mahindi yakawa manjano, na debe nilizotoa huko hazikurudisha hata pesa ya kulimia.

Jirani yangu, mzee wa Kisukuma, alikuja kunipa pole. "Mwanangu, mbona hukuniuliza? Hiyo ni itogolo."

Nilijifunza majina yale kwa kutembea naye. Juu ni luseni, mchanga mwepesi wa mihogo, karanga na viazi. Ukishuka unakuta itogolo, ardhi yenye tabaka gumu chini linalozuia maji, ambayo watu huitengenezea majaruba ya mpunga, yaani vipande vilivyozungushiwa matuta ya kushika maji. Mwisho ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, wa pamba na dengu. Udongo wa aina tatu, umbali wa kutembea dakika chache.

Ramani nilikuwa nimeiuliza swali ambalo haikuchorwa kulijibu. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliona kwamba udongo wa nchi hizi hubadilika kutoka kilimani hadi bondeni kwa mpangilio uleule, kilima baada ya kilima. Mpangilio huo akauita katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Ramani yake ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936 ilikuwa ya kipimo cha 1:2,000,000, ambapo milimita moja ni kilomita mbili. Shamba langu lote lingefunikwa na ncha ya kalamu! Kwa hiyo palipo na mnyororo, rangi moja ilisimama badala ya mnyororo mzima.

Ramani za siku hizi zina vipande vidogo zaidi. Kati ya zile za mtandaoni, SoilGrids ina miraba ya mita 250, na iSDAsoil ina ya mita 30. Lakini usidhani kila mraba umechimbwa. Kompyuta hukadiria kwa kutumia sampuli za mahali pengine, picha za setilaiti na umbo la ardhi. Ramani hizo nazitumia bado, nikitaka kujua wilaya ilivyo. Siamulii mbegu kwa hizo.

Ukitaka kununua au kukodi shamba, nenda na sururu. Chimba mashimo manne au matano kufuata mteremko, hadi kiunoni au mpaka sururu igonge pagumu. Ukiona madoa ya rangi ya kutu, ujue maji hukaa hapo. Lowanisha udongo kidogo uusokote kiganjani: mchanga utamomonyoka, mfinyanzi utatoa utepe mrefu. Na waulize wazee panapotuama maji mvua zikikolea. Swali hilo moja lingeniokolea msimu mzima.

Sampuli za maabara nazo zichukuliwe kila sehemu peke yake, usichanganye za juu na za chini. Katika kila sehemu chota mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu ndoo ya bati huongeza zinki kwenye majibu. Ruka vichuguu, chini ya miti, na hasa palipokuwa na zizi la ng'ombe: samadi ya zamani hukaa ardhini miaka mingi, na udongo kidogo tu wa hapo unaweza kukuonyesha fosforasi ambayo shamba zima halina.

Ile sehemu ya chini sasa nimeipiga majaruba. Mzee ndiye aliyenionyesha tuta la kwanza lipite wapi.