Usifukuze mtu kabla hujapiga hesabu hii

Mkuu, umesema una duka la vifaa vya ujenzi Makambako, wafanyakazi 9, mauzo kama milioni 30 kwa mwezi, ila mwisho wa mwezi huoni kitu, na unataka kuwaondoa wawili. Mimi nina mgahawa Mwanjelwa, Mbeya. Nusura nifanye hivyo hivyo.

Mwaka 2023 nilikuwa na watu 8, kila mmoja 180,000. Mauzo 7,800,000. Daftari likasema mishahara ni 18% ya mauzo, nikalala usingizi. Kumbe kila mmoja anakula sahani mbili kwa siku, sahani inanigharimu 1,500. Kwa siku 26 ni 624,000, imejificha kwenye hela ya sokoni. Weka 10% yangu kama mwajiri ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), 144,000, na nusu asilimia ya WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi). Ikafika 28%. Na mimi ninayekanda unga wa chapati saa kumi alfajiri sijajilipa hata mia.

Sikufukuza mtu. Wiki nzima niliandika nani anafanya nini, saa ngapi. Asubuhi, hasa Juni na Julai baridi ikikaza, watu wanagombania supu. Saa tisa alasiri wahudumu wanne wanachezea simu. Nikapanga zamu. Mmoja alipohamia Tunduma kwa hiari yake (bado ananidai elfu kumi, ananikumbusha kila sikukuu) sikujaza nafasi. Saba waliobaki nikawapa 200,000. Jumla 1,400,000, chini ya mwanzo, na sahani zimepungua.

Asilimia yangu usiinakili. Saruji na nondo faida yake nyembamba. Tuseme kwenye milioni 30, ukitoa bei ya kununulia mzigo, unabaki na milioni 3, na mishahara ni 1,800,000. Ukilinganisha na mauzo ni 6%, unacheka. Ukilinganisha na hiyo milioni 3 ni 60%, na kodi ya fremu, umeme na TRA bado vinasubiri. Pima kwa hiyo ya pili.

Halafu kuachisha si bure: anayelipwa kwa mwezi ana notisi ya siku 28, na aliyetimiza mwaka ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka. Kuongeza nako kuna mtego. Ukifikisha watu 10 inaingia SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), 3.5% ya mishahara yote, si ya huyo mmoja.

Mafundi wanaokukopa umewahesabu? Weka hapa faida ya mzigo ya miezi mitatu, kiangazi na masika, tuione.